Ukingo wa urembo kwenye graniti nyeusi: kwa nini unayumba, na kwa nini haung'ai kama juu

Swali la msomaji: Shikamoo fundi. Nina karakana ndogo ya mawe hapa Mwanza, tunatengeneza kaunta za jikoni na ngazi. Mteja ameniletea picha ya kaunta nyeusi yenye ukingo wa mawimbi, ule unaobonyea kisha unatokeza, naye anataka vivyo hivyo. Nimejaribu kwenye mabaki kwa kutumia grinda, jiwe la almasi la kuchongea na pedi. Umbo linatoka likiyumba, pedi zinaungua mapema, na nikimaliza ukingo unabaki wa kijivu wakati juu ya slabu ni weusi wa kioo. Ninunue mashine ya ruta, au kuna kitu nakosea?

Marahaba, ndugu yangu. Umefanya vizuri kutaja dalili zote tatu, maana kila moja ina chanzo chake. Ruta, yaani mashine inayozungusha biti (kichwa cha kuchongea) yenye umbo la ukingo, itakuponya moja tu, ile ya kuyumba. Hizo nyingine mbili zitakufuata hata ukinunua mashine ya bei ya gari. Kwa hiyo niruhusu nianze na jiwe lenyewe, suala la kununua tutalifikia.

Graniti ni mkusanyiko wa punje za madini tofauti zilizobanana. Kwenye mizani ya ugumu ya Mohs, ambako almasi ni 10, kwatzi ni 7, feldispa ni 6, na ulanga mweusi hauzidi 3. Unapopitisha chombo kwenye ukingo, kinakutana na punje inayokataa, ya pili inayokubali shingo upande, na ya tatu inayong'oka na kuacha kishimo. Ndiyo maana mkono ukiwa mwepesi mahali fulani na mzito mahali pengine, graniti hutoa mawimbi, wakati marumaru, ambayo karibu yote ni kalsiti yenye ugumu wa 3, ingekusamehe.

Slabu nyeusi ni habari nyingine kidogo. Mawe mengi tunayoyaita graniti nyeusi sokoni, kama Black Galaxy inayochimbwa Chimakurthy karibu na Ongole nchini India, au jeusi la Mutoko la Zimbabwe, kwa wanajiolojia si graniti. Ni ya ukoo wa gabro na dolerite: kwatzi ni kidogo sana au haipo, na punje zimeshikana kwa ukaribu. Kwa mchongaji hiyo ni heri na shari. Heri ni kwamba jiwe linachongeka kwa usawa na kona zake hazimeguki ovyo. Shari ni kwamba halina madoadoa ya kuficha kosa. Mkwaruzo ambao kwenye jiwe la kahawia lenye punje kubwa usingeuona, kwenye jeusi utauona ukiwa mlangoni.

Sasa kuyumba. Grinda mkononi haina kinachoiongoza isipokuwa bega lako. Unaweza kutoa ukingo wa mviringo mdogo ulio safi kwa mkono, na mafundi wazuri wanafanya hivyo kila siku, lakini umbo lenye bonde na kilima kwa urefu wa mita mbili linahitaji mwongozo. Biti ya ruta ina beringi chini au juu yake inayotambaa kwenye ubavu wa slabu na kuzuia chombo kisiingie zaidi ya kipimo. Hapo ndipo wengi wanapojidanganya. Beringi inanakili kila inachokigusa. Kama ubavu uliokatwa na diski una nundu ya nusu milimita, beringi itapanda hiyo nundu na umbo lako litapanda nayo. Ruta haiwezi kunyoosha ukingo uliopinda. Italipamba pindo lilelile.

Kwa hiyo kabla hujagusa umbo, nyoosha ubavu. Kata kwa diski ukiwa na reli au ubao ulionyooka uliobanwa kwa klampu, kisha weka rula ndefu ya aluminiamu kwenye ubavu na umulike taa kutoka nyuma. Panapopenya mwanga pana bonde, panapoziba pana nundu. Saga nundu kwa kikombe cha almasi mpaka mwanga uwe uzi mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Angalia pia kwamba ubavu una pembe ya mraba na uso wa juu, la sivyo ruta italala upande na bonde la umbo litakuwa na kina tofauti huku na kule. Kazi hii inachosha na haionekani kwa mteja, lakini nusu ya uzuri wa ukingo wa mawimbi iko hapa.

Ukishanyoosha, usiiachie biti kazi yote ya kuondoa nyama. Kwenye slabu ya sentimita 3, umbo la mawimbi linaondoa jiwe jingi. Chora umbo kwenye ncha ya slabu kwa penseli ya nta, kisha ukate kona ya juu kwa mshazari kwa diski, ukibakiza milimita chache nje ya mstari. Biti ikija, inakuta kazi ya kumalizia. Hata hivyo pita mara nyingi kwa kina kidogo kuliko mara moja kwa nguvu, na uendeshe mashine dhidi ya mzunguko wa biti, ili isikuvute mbele na kurukaruka. Kurukaruka huacha alama ndogo ndogo zenye mpangilio kama ngazi, na hizo ni ngumu kuzifuta kuliko mkwaruzo wa kawaida.

Kuna jambo la vyombo ambalo wauzaji hawalielezi. Chembe za almasi zimeshikwa ndani ya chuma au utomvu (resini, kama plastiki ngumu), na kinachozishika kinatakiwa kiliwe taratibu ili chembe butu zianguke na mpya zichomoze. Jiwe gumu lisilo na ukali wa mchanga haliwezi kukila kishikizo kigumu. Almasi zinakuwa butu zikiwa bado zimeshikwa, uso wa chombo unakuwa laini kama kioo, na wewe unaanza kukandamiza. Ndiyo maana jiwe gumu linataka kishikizo laini, na jiwe laini lenye kusaga linataka kishikizo kigumu. Ukiona diski au biti imeacha kukata na inalia tu, usiitupe. Ipitishe mara chache kwenye tofali la saruji lenye mchanga mwingi, huku maji yanatiririka, itafunguka. Tofauti iko kwa vile vyombo vya bei nafuu ambavyo almasi imepakwa tabaka moja tu juu ya chuma. Hivyo havina tabaka la pili la kufungua, vikiisha vimeisha. Vinafaa kwa kazi moja au mbili, si kwa karakana.

Pedi kuungua. Nina uhakika unazifunga kwenye grinda ileile unayokatia. Grinda ndogo inazunguka takriban mara 11,000 kwa dakika. Pedi ya milimita 100 kwa kasi hiyo, ukingo wake unakimbia karibu mita 58 kwa sekunde. Kwenye mashine ya kung'arishia inayozunguka mara 3,000, inakimbia chini ya mita 16. Pedi zimetengenezwa kwa utomvu, na utomvu ukipata moto kiasi hicho unalainika, unajipaka kwenye jiwe, unaziba almasi zake mwenyewe. Ule weupe unaofanana na nta unaouona kwenye ukingo baada ya pedi kuungua ni utomvu ulioyeyuka, na unaweza kuung'arisha kutwa bila mafanikio. Itabidi urudi hatua mbili nyuma. Pedi nyingi za aina hii zimeandikwa nyuma kikomo cha kasi, mara nyingi kama 4,500. Soma maandishi hayo na uyaheshimu.

Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kununua, kabla ya ruta, ni mashine ya kung'arishia kwa maji yenye kasi ya kurekebishwa, maji yake yakitokea katikati ya pedi. Fanya kazi kwa mizunguko 2,000 hadi 3,000 kwa dakika kwa pedi za kukwaruza, na ushuke zaidi kwa zile za mwisho. Maji yatoke na tope kama uji mwepesi: yakiwa mazito mno umepunguza maji, yakiwa safi kabisa na wewe bado uko hatua ya mwanzo, pedi haikati.

Na hapa nafika kwenye ukijivu, ambao naamini ndio unaokuumiza zaidi kwa sababu mteja anauona.

Mng'ao wa jiwe hauletwi na pedi ya mwisho. Pedi ya namba 3,000 (namba ya ukali wa chembe: ikiwa kubwa, chembe ni laini zaidi) haiwezi kufuta mkwaruzo ulioachwa na biti ya chuma. Itaung'arisha tu, uwe mkwaruzo unaong'aa. Kila hatua ina wajibu mmoja: kufuta kabisa alama za hatua iliyotangulia na kuacha zake ambazo ni ndogo zaidi. Mpangilio wa kawaida ni 50, 100, 200, 400, 800, 1,500, 3,000, kisha pedi ya kumalizia, ile nyeusi kwa mawe meusi na nyeupe kwa mawe ya rangi hafifu. Muda mrefu kuliko wote uutumie kwenye 50 na 100. Nikimwona kijana anafika 800 upesi, najua jioni atakuwa amerudi 100. Kuanzia 400 kwenda mbele kazi inakwenda haraka ikiwa chini yake pako safi.

Utajuaje pako safi? Kausha. Jiwe lenye maji linadanganya, kwa sababu maji yanajaa kwenye mikwaruzo na kulifanya lionekane limeiva. Kila ukimaliza hatua, futa kwa mpira wa kufutia vioo, pangusa kwa kitambaa, ngoja dakika moja, kisha mulika taa kutoka ubavuni, si kutoka juu. Mikwaruzo inayokwenda mwelekeo mmoja ni ya biti, ya mduara ni ya pedi. Wanafunzi wangu wanachora mistari ya penseli ya nta ya njano kwenye ukingo mzima kabla ya kila hatua, na hawahamii hatua nyingine mpaka mistari ifutike yote, hasa ndani ya bonde.

Bonde ndilo adui wa umbo la mawimbi. Pedi bapa haifiki huko. Inagusa kilima na mdomo wa bonde, na ndani kunabaki kijivu. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni magurudumu ya utomvu yenye umbo lilelile la biti, ambayo yanafungwa kwenye ruta moja baada ya jingine. Ni safi na ya haraka, lakini seti nzima ni ghali na kila umbo lina seti yake, tena kwa unene mmoja tu wa slabu. Ya pili ni ya mkono: chukua kipande cha bomba la plastiki lenye mviringo mdogo kidogo kuliko bonde lako, kizungushie pedi nyembamba ya almasi inayokunjika, na usugue kwa urefu wa ukingo, kwa maji, hatua kwa hatua kama zilivyo. Kwa mita mbili au tatu za kaunta moja inawezekana kabisa, na matokeo yake yanapendeza, ila upange siku yake na umtoze mteja siku hiyo.

Mahali umbo linapokutana na uso wa juu, kuwa mwangalifu kama unayemnyoa mtoto. Uso ule umeng'arishwa kiwandani na mashine zenye vichwa vizito vingi, na pedi yako ikiupanda ikiwa kwenye 50 au 100, huna namna rahisi ya kuurudisha. Acha kona ya juu kali mpaka ufike 400, ndipo uivunje ukali wake kwa mkono.

Baada ya yote hayo, kama ukingo wa slabu nyeusi bado ni wa kijivu ingawa unang'aa na kuonyesha sura yako, shida inaweza kuwa kwenye slabu. Baadhi ya slabu nyeusi hupakwa rangi au mafuta kiwandani ili zionekane nyeusi zaidi. Ukichonga ukingo, unafunua rangi halisi ya jiwe. Pima kabla hujanunua: lowesha kitambaa cheupe kwa asetoni, sugua uso wa slabu mahali pa kona. Kitambaa kikitoka cheusi, umepata jibu. Slabu kama hiyo unaweza kumalizia ukingo wake kwa dawa ya mawe ya kukoleza rangi, inayoingia ndani na kukauka, lakini mwambie mteja mapema kwamba asidi, joto na miaka vitaleta tofauti. Tafadhali usipake oili chafu wala kiwi ya viatu. Nimeona kaunta zilizopakwa hivyo. Mteja anaandaa chapati, unga unatoka na weusi.

Kama slabu yako ni ya sentimita 2, picha ya mteja huenda inaonyesha ukingo wa sentimita 4 uliounganishwa. Hapo unakata ukanda kutoka slabu ileile, upande uliopakana na ukingo ili punje zifuatane, unakwaruza nyuso mbili zinazogusana, unaziosha kwa asetoni na kuziacha zikauke kabisa, kisha unagandisha kwa gundi ya epoksi iliyotiwa rangi ya jiwe. Gundi ya poliesta inakauka haraka na ni nafuu, ila inageuka njano kwa jua na inashika kwa udhaifu zaidi kwenye jiwe lenye unyevu. Usikaze klampu mpaka gundi yote ikatoka. Na upange umbo lako ili mstari wa maungio uangukie kwenye kidaraja cha mawimbi, mahali penye kivuli, usikae katikati ya kilima unapopigwa na mwanga.

Ukiniuliza maoni yangu kuhusu umbo lenyewe, ningekaa na huyo mteja kabla ya kukata. Angalia majabali ya hapo kwenu, kuanzia Jiwe la Bismarck hadi yale ya Capri Point. Yaligawanyika kwenye nyufa yakiwa na kona, na kona ndizo zilizoliwa kwanza, kwa sababu kona inashambuliwa kutoka pande mbili au tatu kwa wakati mmoja wakati uso unashambuliwa kutoka mmoja. Sheria hiyohiyo iko jikoni. Ukingo wenye ncha nyembamba mbele ya sinki, ambako sufuria zinagongwa kila siku, utameguka. Bonde la mawimbi linakusanya mafuta na unga. Ukingo wa duara kamili nao una kasoro yake: maji yanafuata duara, yanapita chini, yanaingia kwenye milango ya kabati. Napendelea nusu duara yenye tumbo bapa, au mviringo wa milimita 3 hadi 6 tu juu na chini. Mawimbi yawekwe kwenye kaunta ya mbele ya wageni, ambako watu wanaegemea na kutazama. Wateja wengi wakielezwa hivyo hukubali, na wanakuheshimu zaidi.

Sasa vumbi, na hapa naomba unisikilize kuliko pote. Graniti ya kweli ina kwatzi kuanzia asilimia 20 ya madini yake kwenda juu. Ukiikata kavu, chembe zake zisizoonekana kwa jicho zinakaa ndani ya mapafu na kuyafanya makovu. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna tiba, na aliye nao anapata kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Katika nchi zetu ambako kifua kikuu bado kipo, fundi anaweza kutibiwa TB mara mbili tatu bila mtu kumuuliza anafanya kazi gani. Zile slabu za kutengenezwa kiwandani zinazouzwa kwa jina la kwatzi ni hatari zaidi, kwa kuwa nyingi zina silika, yaani kile kile kinachounda kwatzi, zaidi ya asilimia 90. Australia ilizipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Julai 2024 baada ya vijana wengi wa karakana kuugua. Marekani imeweka kikomo cha mikrogramu 50 za silika kwa mita ya ujazo ya hewa kwa zamu ya saa nane. Kiasi hicho hukioni hata kikiwa mbele ya pua yako.

Kwa hiyo kata kwa maji, chonga kwa maji, ng'arisha kwa maji. Kitambaa cha mdomoni hakizuii kitu. Vaa barakoa ya kuchuja vumbi ya daraja la FFP3 au P100 inayobana uso, na ndevu zinaharibu mbano wake. Tope usiliache likauke sakafuni, kwa maana kesho litakuwa vumbi tena. Lifagie likiwa bichi. Usirudi na nguo za kazi nyumbani kwa watoto. Nyumbani kwa mteja, wakati wa kufunga kaunta, ndipo watu wanapojisahau na kukata kavu tundu la bomba ndani ya chumba kilichofungwa. Toboa matundu yote karakanani. Na kwa kuwa umeleta maji karibu na umeme, weka swichi ya usalama ya miliampia 30 kwenye laini ya mashine, au kama una kompresa kubwa ya kutosha, tumia mashine za upepo.

Tukirudi kwenye kununua: mashine ya kung'arishia yenye kasi ya kurekebishwa sasa hivi, pamoja na seti mbili za pedi na rula ya mita mbili isiyopinda. Ruta yenye beringi ununue utakapokuwa na oda za umbo moja zinazojirudia, na uchague maumbo mawili au matatu ya karakana yako uyaonyeshe wateja kwa vipande vya sampuli, badala ya kukimbilia kila picha ya simuni. Kwa kazi hii ya sasa, kama mteja atabaki na mawimbi, mchongee kwanza kipande cha sentimita 30 kutoka slabu yake mwenyewe, mpaka pedi ya mwisho, kausha, na umpe akishike. Akikubali, aweke saini nyuma ya kipande kwa penseli ya nta, ubaki nacho karakanani, na bei uipange kwa saa ulizotumia kwenye hicho kipande ukizidisha kwa idadi ya vipande kama hicho vinavyoingia kwenye urefu wa kaunta. Kona ya ndani ya kaunta yenye umbo la L uihesabu peke yake, kwa kuwa biti haiingii mpaka mwisho na patabidi pamaliziwe kwa mkono.